Tusikate Mnazi Kabla Mche Haujashika

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu niseme neno juu ya jambo ambalo limetugawa wanafunzi makundi mawili tangu muhula wa kwanza. Walimu wetu wapendwa nao naomba wanivumilie, maana najua wako baadhi yao wanaoona kuwa mpira wa vikapu si jambo la kuandikiwa insha. Mimi naona ni jambo, tena kubwa, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila timu duniani hukutana nalo siku moja: je, ni busara kumwachilia nyota wenu ili mpate vijana chipukizi?

Habari yenyewe mnaijua. Shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja jina, inamtaka mchezaji wetu bora, mwenzetu wa Kidato cha Tatu. Naye jina lake nalificha, ingawa hata wauza mabuyu nje ya geti wanamjua. Inasemekana watamlipia karo mpaka amalize masomo. Na kwa vile wanafunzi hawauzwi kama mbuzi, shule yetu haitapewa pesa. Maneno yanayozunguka ni kwamba tutapata mipira minne mipya, na vijana wawili warefu wa Gredi ya 10 waliokosa vitanda huko watahamia kwetu wawe wanafunzi wa kutwa. Kundi la kwanza linasema, "Mwacheni aende, tujenge timu mpya." Kundi la pili linasema, "Akienda yeye, uwanja tuufanye wa kuanikia mbata!"

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba mimi mwenyewe ni mchezaji wa akiba. Nyota akiondoka, huenda nikapata nafasi. Kwa hiyo msidhani natetea tumbo langu nikisema ninayotaka kusema.

Nianze na wale wanaotaka aende, kwa sababu hoja zao si za kitoto. Wao hupenda kutoa mfano wa Marekani, nao ni mfano mzuri kweli. Katika ligi ya NBA, timu hazinunuani wachezaji kwa pesa kama inavyofanyika katika kandanda. Wao hubadilishana. Unatoa mchezaji, unapewa mchezaji, au unapewa zamu ya kuchagua. Zamu hiyo ni nini? Kila mwaka vijana wapya, wengi wao kutoka vyuo vikuu, hugawanywa kwa timu kuchagua mmoja mmoja, na timu zilizofanya vibaya ndizo hupata nafasi nzuri zaidi ya kuchagua mapema. Zamu hizo waweza kumpa mwenzio, hata za miaka inayokuja. Ni kama mkulima atoe ng'ombe wa maziwa leo, aahidiwe ndama ambao hata mama zao hawajashika mimba.

Sasa, mwezi wa Julai mwaka 2019, timu ya Oklahoma City Thunder ilikuwa na nyota aitwaye Paul George. Msimu uliotangulia alikuwa wa tatu katika kura za mchezaji bora wa ligi nzima. Mwenyewe akaomba kuondoka, aende Los Angeles Clippers. Thunder wakakubali, lakini walidai bei ambayo iliwafanya watu washike vichwa. Walipewa mchezaji mzoefu mmoja, Danilo Gallinari, na kijana mmoja ambaye alikuwa amecheza ligi hiyo msimu mmoja tu, Shai Gilgeous-Alexander. Juu yake wakapewa zamu 5 za kuchagua za raundi ya kwanza, na haki ya kubadilishana zamu nyingine 2.

Mwisho wake mnaujua. Kijana yule ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa NBA wa msimu wa 2024/25. Zamu mojawapo kati ya zile 5 ndiyo waliyomchagulia Jalen Williams mwaka 2022. Na mwezi wa Juni 2025 Thunder waliishinda Indiana Pacers katika mchezo wa saba wa fainali, wakawa mabingwa. Paul George je? Huko Clippers hakufika fainali hata mara moja, na mwaka 2024 akaondoka kwenda Philadelphia, Clippers wasipate mchezaji hata mmoja badala yake. Basi wenzangu wa kundi la kwanza wakifika hapo husimama na kupiga makofi. "Mwaona? Nyota kaenda, taji limekuja!"

Hata karibu na kwetu wako na mfano. Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ilimchukua kijana wa Simba ya Dar es Salaam, Mbwana Samatta, akiwa na miaka 18 tu. Miaka minne baadaye, 2015, Mazembe walitwaa ubingwa wa vilabu Afrika, na yeye akiwa miongoni mwa wafungaji wao wakubwa. Halafu akaenda Ulaya, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa hiyo chipukizi ni mali, hakuna anayebisha. Na wahenga walikwisha sema, samaki mkunje angali mbichi.

Lakini, ndugu msomaji, wahenga hao hao walisema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Hebu tutazame upande wa pili.

Mwaka 1975 timu ya Milwaukee Bucks ilikuwa na Kareem Abdul-Jabbar, ambaye alikuwa ameipa ubingwa mwaka 1971. Naye aliomba kuondoka. Bucks wakampeleka Los Angeles Lakers, wakapewa wachezaji wanne, wawili kati yao vijana waliokuwa ndio kwanza wamechaguliwa kutoka chuo kikuu. Wala hawakuwa vijana wabaya. Mmoja wao, Junior Bridgeman, alicheza Milwaukee miaka mingi mpaka jezi yake ikatundikwa kwa heshima. Lakini ubingwa? Lakers walichukua ubingwa mara 5 wakiwa na Kareem. Bucks wao walingoja mpaka mwaka 2021. Hesabu mwenyewe: kutoka 1971 mpaka 2021 ni miaka 50. Mtoto aliyezaliwa Malindi siku walipochukua ule wa kwanza alikuwa ameshapata wajukuu.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja iko katika mchezo wenyewe. Kandanda ina wachezaji 11 uwanjani, kikapu kina 5. Nyota mmoja wa kikapu ni moja ya tano ya timu nzima, na akitaka anaweza kucheza dakika zote 40 na kugusa mpira kila mara mnaposhambulia. Ukimtoa ukaletewa vijana wawili wazuri kiasi, huwezi kuwajumlisha kama mipira. Mmoja wao atachukua nafasi yake na mwingine ataketi kwenye benchi, au amtoe mwenzetu mwingine. Madafu mawili hayafanyi nazi moja ya kukunia. Anayekwambia "tumetoa mmoja tumepata wawili, tumefaidi" amesahau kwamba mwamuzi hatakuruhusu kuchezesha sita.

Sababu nyingine ni ile dakika ya mwisho. Wakenya hatujasahau Februari 2021, mjini Yaoundé, timu yetu ya taifa, Morans, ilipokutana na Angola. Angola hao wameshinda kombe la Afrika mara 12, si watu wa kuchezea. Mchezo ukafika mwisho kabisa, Tylor Okari Ongwae akatupa mpira, ukaingia. Kenya 74, Angola 73! Mwaka huo Kenya ilicheza mashindano ya AfroBasket kule Kigali kwa mara ya kwanza tangu 1993, wakati mashindano yalipofanyika kwetu Nairobi. Mtupo ule si wa kumpa mtu ambaye jana ndio amejifunza kudunda mpira. Kuna saa ambapo timu haitaki ahadi, yataka mtu.

Basi nani mkweli, Thunder au Bucks? Hapa ndipo kila siku ubishi wetu pale mwembeni hukwama, mpaka kengele ya vipindi vya alasiri inatuokoa. Mimi nimefikiri sana, na naona jibu zuri zaidi halipo Marekani. Liko Dar es Salaam, kwa majirani wawili wasiopendana, Simba na Yanga.

Simba ilikuwa bingwa wa Tanzania mara 4 mfululizo, kutoka msimu wa 2017/18 mpaka 2020/21. Februari 2021 iliifunga Al Ahly ya Misri bao 1 kwa 0, na mfungaji alikuwa Luis Miquissone wa Msumbiji. Pembeni yake alikuwako Mzambia, Clatous Chama, fundi wa pasi. Agosti mwaka huo huo wote wawili wakauzwa kwa mpigo, Chama kwenda RS Berkane ya Moroko na Luis kwenda Al Ahly yenyewe. Simba ikaleta wachezaji wapya, wengine vijana na wazuri pia. Mmoja wao, Pape Sakho wa Senegal, alifunga bao lililochaguliwa kuwa bao bora la Afrika la mwaka 2022. Lakini wapya hao walifika dirisha lile lile ambalo wenyeji waliondoka. Hawakupata hata msimu mmoja wa kucheza nao na kuwatazama wanavyofanya. Msimu huo wa 2021/22 Yanga ikabeba ubingwa, na bila kufungwa hata mchezo mmoja wa ligi. Simba ikabidi imrudishe Chama Januari 2022, kabla hata nusu mwaka haujaisha. Sisemi hiyo ndiyo sababu peke yake, maana Yanga nayo ilikuwa imejipanga. Lakini ilikuwa sababu.

Sasa tazama Yanga. Mwaka 2023 walikuwa na Fiston Mayele, Mkongomani, mfungaji wao mkuu, aliyewafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakamwachilia aende Pyramids ya Misri. Watu wakasema, "Wamekwisha hawa!" Wapi! Msimu uliofuata walichukua ubingwa tena, na mfungaji bora wa ligi alikuwa wao, Stephane Aziz Ki, mabao 21. Aziz Ki huyo hakuletwa siku Mayele alipoondoka. Alikuja mwaka mmoja kabla, 2022, akacheza pamoja naye msimu mzima. Mayele alipofunga virago, mrithi tayari alikuwa ameshaizoea nyumba.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Kumwachilia nyota si kosa. Kosa ni kumwachilia kabla wa kumrithi hajapewa uwanja, nyota mwenyewe akiwa bado yupo. Hata Thunder, ukiwachunguza, walimlipa kijana wao kwa dakika za kucheza na kwa uvumilivu. Msimu wa 2020/21 walishinda michezo 22 tu kati ya 72. Uliofuata wakashinda 24 kati ya 82. Walipigwa mpaka wakachekwa, lakini vijana waliendelea kucheza. Kutoka kumtoa nyota mpaka kombe ilikuwa miaka sita.

Miaka sita! Wazee wetu wa Ganda na Kakuyuni hesabu hiyo wanaijua bila kwenda Marekani. Mnazi wetu mrefu wa asili, ukiupanda leo, huchukua kama miaka 6 au 7 kuanza kuzaa. Kwa hiyo mkulima mwenye akili, akiona minazi yake inazeeka, hachukui shoka kwanza. Hupanda miche katikati ya minazi mikuu, ile mizee ikiendelea kumpa nazi. Miche ikishika, ndipo huanza kuikata mikuu mmoja mmoja. Yule anayekata shamba zima kwa siku moja ndiye utakayemkuta sokoni ananunua nazi za wenziwe.

Sasa turudi shuleni kwetu, maana huku ndiko mambo yanakouma. Timu ya shule haina miaka sita. Mwanafunzi hukaa minne, kisha huaga, na sasa wale wa Gredi ya 10 watakaa mitatu tu. Tena sisi tuna tatizo ambalo shule za zamani hazikuwa nalo. Sisi wa Kidato cha Tatu mwaka huu wa 2026 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Tuliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, na baada yetu mlango ukafungwa. Mwaka 2025 hakuna aliyeingia, kwa sababu wadogo zetu walikuwa Gredi ya 9 katika shule za sekondari ya msingi. Wamefika Januari hii wakiwa Gredi ya 10. Kwa hiyo ukiipanga timu yetu leo utakuta Kidato cha Nne, Kidato cha Tatu, halafu shimo, halafu Gredi ya 10. Lile tabaka ambalo kwa kawaida huwa limeshajifunza mwaka mzima kwenye benchi, halipo. Halikuzaliwa.

Mwezi wa Novemba wa Kidato cha Nne watafanya mtihani na kwenda zao. Mwakani 2027, sisi nasi tutafanya KCSE ya mwisho ya 8-4-4, na nyota wetu atakuwa ameondoka kwa vyovyote vile, bila bei, bila mpira hata mmoja. Kila shule hufiwa na nyota wake hivyo, bure, kila mwaka. Kwa hiyo swali la kujenga chipukizi si la hiari kwetu. Iwe tunampa ruhusa aende au abaki, wadogo hawa lazima waive. Tofauti ni moja tu: wataiva wakiwa na mtu wa kuwaonyesha, au wataiva peke yao juani?

Najua kuna atakayesema, "Lakini wale wawili warefu wanaokuja je?" Karibuni sana, uwanja ni mpana. Lakini urefu si mchezo. Vijana hao hawajacheza hata robo moja na sisi, hawajui pasi zetu, na wala hawajui upepo wa uwanja wetu, ambao kusi likivuma mtupo wa mbali huenda kwa jirani. Nao pia watahitaji mwalimu, na mwalimu mwenyewe ndiye tunayetaka kumtoa.

Napendekeza jambo dogo ambalo halihitaji pesa. Katika kila mchezo wa kirafiki, robo ya pili ichezwe na chipukizi wa Gredi ya 10, wasipungue watatu. Nyota aketi benchi dakika hizo 10, na kazi yake iwe kuwaelekeza, si kunywa maji na kupiga soga. Robo ya tatu arudi acheze pamoja na wawili wao. Tutafungwa? Bila shaka tutafungwa mara kadhaa. Pengine tutafungwa na shule ambayo hatujawahi kufungwa nayo, na watatuimbia barabarani mpaka stendi. Tuvumilie. Kufungwa mwezi wa Juni na watoto wanajifunza ni bora kuliko kufungwa mwaka mzima wa 2028 na hakuna anayejua kwa nini.

Na nyota naye nimwambie kwa upendo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Bwana, ukiwa mpira unaushika wewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna mdogo atakayejifunza. Pasi unayompa mtoto wa Gredi ya 10 akaipoteza, hiyo nayo ni kazi ya nyota.

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Mwenzetu huyu si mnazi wala ng'ombe. Paul George aliomba kwenda, Kareem aliomba kwenda. Ikiwa yeye na wazazi wake wataona kwamba karo ile ya bweni ndiyo itakayomfikisha chuo kikuu, basi aende, na tumsindikize kwa nyimbo. Hakuna kombe la wilaya linalolingana na maisha ya mtu. Ninalopinga ni sisi tunaobaki kumsukuma mlangoni kwa sababu ya mipira minne na tamaa ya kuitwa timu mpya. Uamuzi wa kuondoka ni wake. Uamuzi wa kuwaandaa wadogo ni wetu, na huo haungoji barua ya shule yoyote.

Wachezaji wa Gredi ya 10, mazoezi ni Jumanne na Alhamisi baada ya saa kumi. Njooni na mapema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili